Barua ya wazi kwa wanaosimamia huduma za wakimbizi: si maumivu yote tuliyatoa vitani

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Huduma za Wakimbizi,
Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Huduma za Afya,
Na kwa wote wenye mamlaka juu ya vibali, makazi na matibabu yetu

YAH: HUDUMA YA AFYA YA AKILI KWA WAKIMBIZI BAADA YA KUPOKELEWA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Mlitufungulia mlango tulipokuwa hatuna pa kwenda, na hilo hatulisahau. Tunalisema mwanzoni kabisa ili yatakayofuata yasisomwe kama utovu wa fadhila. Mtu aliyepokelewa vizuri bado ana haki ya kusema anapoumia.

Mimi ni mkimbizi. Kwa miaka sita nimekuwa mkalimani wa kujitolea kwa wenzangu wanaosema Kiswahili. Nimeingia nao kwa madaktari, kwenye ofisi za vibali, kwenye vikao vya wazazi shuleni, na mara mbili kwenye wodi za wagonjwa wa akili. Nimepitisha kinywani mwangu maneno ambayo wenyewe hawajawahi kuwaambia wake zao wala waume zao. Barua hii naiandika kwa niaba ya kikundi chetu cha kusaidiana. Tumeisoma pamoja mstari kwa mstari katika vikao vitatu, na waliotajwa humu wamekubali habari zao zisemwe bila majina.

Hatukukimbilia hadharani. Miezi kumi na minne iliyopita tuliandika kwa ofisi ya wakimbizi, tukajibiwa kwamba barua imepokelewa. Tulipoandika tena tukaambiwa suala hilo ni la afya. Tukawaandikia wa afya, nao wakasema wakimbizi wana ofisi yao. Barua ya nne haikujibiwa kabisa. Kikao tulichoitwa tulipewa dakika 10 za mwisho, watu wakiwa tayari wanakusanya karatasi zao. Katika muda huo wote, watu watatu tuliowaeleza hali zao walizidiwa. Mmoja hatunaye tena.

Tatizo letu kubwa na ofisi zenu ni hili: kila mnapozungumzia afya yetu ya akili, mnaizungumzia kama mzigo tuliovuka nao mpaka. Ni kweli tuliubeba. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyopitiwa na vita ndani ya miaka 10, mtu 1 kati ya 5 ana ugonjwa wa akili, kuanzia sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na wasiwasi hadi maradhi makali zaidi. Mwaka 2009 yaliunganishwa matokeo ya tafiti 181 zilizofanywa kwa watu waliopitia vita na kuhamishwa makwao, na karibu asilimia 31 walikuwa na dalili za kiwewe, yaani mshtuko unaobaki baada ya mambo ya kutisha, na kiasi hichohicho walikuwa na sonona. Basi mzigo upo. Lakini nimekaa na watu hawa miaka sita, na mara nyingi kinachomwangusha mtu si kile alichokikimbia. Alikivuka, akafika akiwa bado amesimama. Ameangukia huku, mbele ya mambo yaliyomo ndani ya uwezo wenu. Tunayataja.

1. Mnatupima kwa Kiswahili ambacho hakuna anayekisema

Kila anayefika hupewa dodoso la afya lenye maswali ya usingizi, hamu ya kula, huzuni na hofu. Nia ni njema. Ila limetafsiriwa neno kwa neno, na hakuna msemaji wa Kiswahili kati yetu aliyeonyeshwa kabla halijachapwa. Swali moja linauliza: "Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umejisikia chini?"

Nilikuwa nimeketi kando ya baba mmoja wa makamo alipolifikia. Alilisoma, akalirudia, kisha akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ndogo, "Chini wapi?" Nilipofungua mdomo kumweleza, mhudumu akaniambia mkalimani haruhusiwi kumsaidia mgonjwa kujibu. Yule baba alikuwa halali. Usiku kucha alikuwa akitembea kwenye korido ya makazi hadi alfajiri, na kila aliyekaa naye alijua. Akaweka alama kwenye "hapana kabisa". Alama zikajumlishwa, akahesabiwa mzima. Miezi minane baadaye majirani walivunja mlango wake. Alikuwa amejifungia siku nne bila kula, na hakujua ni siku gani.

Mtu wetu akizidiwa hasemi ana sonona. Wengi hata neno hilo hawalijui. Husema "nina mawazo". Husema kichwa kimejaa, moyo unanienda mbio, mwili unawaka moto, usingizi umenikimbia. Nimesikia mkalimani wa simu akiifasiri "nina mawazo sana" kana kwamba mgonjwa anasema anafikiria mambo mengi, na daktari akaitikia kwa kichwa, akaenda swali linalofuata. Kwetu sisi, mwenye "mawazo" ni mtu wa kuangaliwa. Zimbabwe walilielewa hili. Daktari Dixon Chibanda alipoanza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Mgonjwa hakulazimika kujifunza lugha ya hospitali kwanza ndipo asikilizwe.

2. Kusubiri kusiko na mwisho kunaharibu watu

Mwaka 2004 watafiti nchini Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwalinganisha waomba hifadhi kutoka Iraki. Kundi moja lilikuwa na watu waliofika chini ya miezi 6 iliyopita, jingine watu waliosubiri zaidi ya miaka 2. Katika kundi la kwanza asilimia 42 walikuwa na ugonjwa wa akili wa namna moja au nyingine. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 66. Wote walitoka nchi moja. Kilichowatenganisha zaidi ni muda waliokaa wakingoja.

Hatuhitaji kwenda mbali. Kijana wetu mmoja aliwasilisha ombi lake la hifadhi akiwa na miaka 19. Sasa ana 23. Mwaka wa kwanza alikuwa wa kwanza darasani kwenye masomo ya lugha. Mwaka wa pili akaanza kukosa. Mwaka wa tatu akaacha kufungua barua. Nilipomtembelea aliniinulia godoro, chini yake kulikuwa na bahasha saba za ofisi, zote zimefungwa, zimepangwa vizuri kama vitambulisho. Alisema, "Ndani ya moja yao kuna jibu la kunirudisha. Nisipoifungua, bado niko hapa."

Tulizifungua pamoja, alipokuwa tayari. Hakuna hata moja iliyokuwa na jibu la ombi lake. Moja ilikuwa ya ukumbusho wa anwani. Mbili zilikuwa miadi yake na daktari wa akili. Ya nne ilisema kwamba, kwa kuwa hakufika mara mbili, amefutwa kwenye orodha na anatakiwa kuanza upya. Waheshimiwa, mnatuma miadi ya tiba katika bahasha ileile, yenye nembo ileile, inayoleta amri ya kufukuzwa nchini, na ndani yake mmeandika kwa lugha ambayo mgonjwa bado anajifunza. Kisha asipokuja mnaandika: mgonjwa hakuonyesha nia.

3. Watoto wetu wamefanywa wakalimani

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mtanisamehe.

Mama mmoja alikwenda kliniki kwa maumivu ya tumbo ya muda mrefu. Mkalimani hakupatikana, wakamwambia amtumie mwanawe wa miaka 11, kwa kuwa mtoto anajua lugha vizuri. Daktari akamuuliza kama aliwahi kufanyiwa ukatili. Mtoto akamgeukia mama yake na kumuuliza, kama alivyoulizwa. Mama akamtazama mwanawe muda mrefu, kisha akasema, "Mwambie ni tumbo tu." Akapewa dawa ya tumbo. Amekuwa akipewa dawa ya tumbo kwa miaka miwili.

Mimi ninajua lililompata, kwa sababu siku moja alinieleza tukiwa wawili peke yetu, na tangu siku hiyo namsindikiza. Lakini mimi ni mtu mmoja. Na yule mtoto hakuwa mjinga. Tangu siku ile amekuwa akikataa kulala chumba kingine, anataka alale mlangoni kwa mama yake. Mlikuwa na mgonjwa mmoja, sasa mna wawili.

4. Msiba usio na kaburi

Wapo kati yetu wasiojua kama mume yu hai, kama mtoto aliyepotelea njiani alichukuliwa na watu wema. Hawawezi kuomboleza, maana kuomboleza ni kumzika aliye hai. Wala hawawezi kuanza maisha, maana kuanza ni kumwacha. Dada mmoja hununua nguo za mwanawe kila mwaka, anaongeza kipimo kadiri ya umri ambao angekuwa nao. Ukimwambia mtu huyu afanye mazoezi ya kupumua, atayafanya kwa adabu yake, kisha atarudi kabatini.

Wengine wanajua kabisa wapendwa wao wako wapi, na kinachowatenganisha ni karatasi. Mkutano uliopitisha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 uliacha katika azimio lake la mwisho pendekezo kwamba serikali zichukue hatua za kulinda umoja wa familia ya mkimbizi. Hili tunaliweka chini ya afya ya akili kwa makusudi. Sijaona kidonge kilichofanya kilichofanywa na kufika kwa mke wa jirani yangu. Siku ya pili tu jirani huyo aliniambia amelala hadi kukapambazuka.

5. Kukaa bure

Kifungu cha 17 cha Mkataba huo kinahusu haki ya mkimbizi aliyeko nchini kihalali kufanya kazi ya ujira. Mwaka 2005 ulichapishwa uchambuzi wa ripoti 56 kuhusu wakimbizi, ukaonyesha kwamba hali ya mtu baada ya kuhama ina uzito mkubwa: wanaokaa kwenye makazi ya pamoja ya taasisi na waliobanwa kiuchumi walikuwa na hali mbaya zaidi ya akili. Uchambuzi huo ulionyesha pia kwamba wenye elimu zaidi waliumia zaidi. Sisi hilo halikutushangaza. Tuna mwalimu aliyefundisha miaka 20, ambaye hapa vyeti vyake havijatambuliwa. Hasemi ana huzuni. Anasema, "Nilikuwa mtu."

6. Kila mara tunaanzishwa mwanzo

Mgonjwa wetu husimulia habari zake kwa afisa wa mpakani, kisha kwa afisa wa hifadhi, kisha kwa wakili, kisha kwa muuguzi, kisha kwa mshauri nasaha ambaye baada ya mikutano mitatu anahamishwa, kisha kwa anayempokea. Kila mmoja anamwambia, "Hebu anza mwanzo." Kusimulia kwa namna hiyo hakumponyi mtu, kunamtonesha.

Namna ya kusimulia inayoponya ipo, na inajulikana. Kuna tiba ya kusimulia maisha, iliyobuniwa kwa ajili ya watu waliopitia vita mfululizo. Mgonjwa hutandaza kamba sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Penye jema huweka ua, penye baya huweka jiwe. Kisha yeye na anayemtibu wanaifuata kamba hiyo kikao baada ya kikao, jiwe kwa jiwe, mpaka habari iwe na mwanzo, katikati na mahali ilipoishia. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya tiba hiyo kutoka kambi ya Nakivale, Uganda, ambako waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo, na wagonjwa walipata nafuu. Tiba hiyo inataka mtu mmoja abaki na mgonjwa mmoja hadi mwisho wa kamba. Kwenu hilo halipo.

Na kuna madhara mengine ya kurudiarudia ambayo wenzenu wa ofisi ya hifadhi wanapaswa kuyasikia. Mwaka 2002 watafiti nchini Uingereza waliwahoji mara mbili wakimbizi kutoka Kosovo na Bosnia kuhusu mambo yaleyale, watu ambao walikwisha kupewa ruhusa ya kubaki na hawakuwa na sababu ya kudanganya. Maelezo yao yalitofautiana kati ya mahojiano ya kwanza na ya pili. Kwa waliokuwa na kiwewe kikubwa, muda ulivyozidi kupita kati ya mahojiano, ndivyo tofauti zilivyozidi. Lakini mtu wetu akikosea mwezi, au akisema askari walikuwa wanne wakati mwanzo alisema sita, anaandikiwa kwamba haaminiki. Dalili ya ugonjwa wake inageuzwa ushahidi dhidi yake.

Waheshimiwa, majibu yenu tunayajua, kwa kuwa tumeshapewa mengi kati yake ana kwa ana.

Mtasema fedha hazipo. Tunajua kwamba duniani kote afya ya akili hupata makombo: kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kwa kawaida nchi hutenga kiasi cha asilimia 2 tu ya bajeti ya afya. Ila tunayoyaomba mengi hayahitaji hospitali mpya. Shirika hilohilo limetoa mpango wa kumsaidia mtu kukabili dhiki na matatizo yake, uitwao Problem Management Plus, wa vikao 5, unaoendeshwa na watu wasio wataalamu waliofundishwa na kusimamiwa. Limetoa pia mpango mwingine, Self-Help Plus, wa vikao 5 vya kusikiliza sauti iliyorekodiwa kwa kundi la hadi watu 30. Ulijaribiwa kwa wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini walioko Uganda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha dhiki yao ilipungua. Kama uliwezekana kambini, utawezekana kwenye ukumbi ambao mnautumia kwa vikao vya bajeti. Na zile dawa za tumbo za miaka miwili nazo zililipiwa.

Mtasema wataalamu hawatoshi. Ni kweli, na hata wenyeji wanasubiri kwa muda mrefu. Hatuombi kupita mbele ya mtu. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2007 kuhusu afya ya akili katika dharura ilichora huduma kama piramidi: chini kabisa usalama na mahitaji ya msingi, juu yake familia na jamii, kisha msaada wa watu waliofunzwa, na kileleni tu ndipo anakaa daktari bingwa. Wengi wetu hatuhitaji bingwa. Mtu aliyepoteza nyumba na ndugu akalia, akakosa usingizi miezi kadhaa, si lazima awe mgonjwa. Anahitaji kuambiwa ombi lake limefika wapi na kuwa na mtu wa kukaa naye. Mkijenga chini, juu patapumua, na wale wachache wenye maradhi makali watapata nafasi.

Mtasema ni utamaduni wetu, kwamba hatuamini katika matibabu ya akili. Hapo tunakiri sehemu yetu. Ndiyo, kati yetu akionekana mtu ameingia kwa daktari wa akili, kesho yake anaitwa kichaa. Ndiyo, kuna baba waliowakataza wake zao, na kuna viongozi wa dini waliowaambia wagonjwa waache dawa waombe tu. Tumeanza kulishughulikia, na viongozi wawili wa dini sasa huwasindikiza watu kliniki wenyewe. Lakini mtu aliyekwenda, akaulizwa kwa Kiswahili kisichoeleweka, akafasiriwa na mwanawe, kisha akafutwa kwenye orodha, akirudi nyumbani akasema "sirudi tena", huyo hakushindwa na utamaduni wake.

Na mtasema, kama mlivyosema kwenye zile dakika 10, kwamba tukishapata vibali na nyumba tutapona wenyewe. Baadhi hupona. Lakini nimeona wengi wakianguka baada tu ya kupata kibali. Miaka yote walijikaza kwa sababu kulikuwa na jambo la kupigania. Siku karatasi inapotoka, mikono inalegea, na yote yaliyosukumwa pembeni yanarudi kwa pamoja. Nyinyi huduma yenu huwa imekwisha siku hiyohiyo, maana kwenye daftari lenu mtu huyo si mwomba hifadhi tena.

Tunayoyaomba ni haya:

(a) Dodoso la Kiswahili liondolewe na liandikwe upya pamoja na wasemaji wake, lisomwe kwa sauti mbele ya wagonjwa kabla ya kuchapwa. Maswali yaulize mawazo, usingizi, moyo kwenda mbio. Na lisiulizwe mara moja tu mtu anapofika. Liulizwe tena baada ya miezi 6, na tena baada ya kibali kutoka.

(b) Mtoto asitumiwe kamwe kama mkalimani katika matibabu. Liwe katazo la maandishi, limebandikwa mapokezi, kwa Kiswahili pia. Wanawake wapewe mkalimani mwanamke wakimtaka. Wakalimani wafundishwe, walipwe, wawe na mtu wa kuzungumza naye baada ya kazi. Wenzangu wawili wameacha kwa sababu hawakuweza tena kulala na maneno ya watu wengine.

(c) Miadi ya tiba itumwe kwa simu au ujumbe wa sauti katika lugha ya mgonjwa, na kamwe isifanane na barua za ofisi ya vibali. Mtu asifutwe kwenye orodha kabla mhudumu hajazungumza naye.

(d) Kila mwenye ombi aambiwe kila baada ya miezi 3 ombi lake limefika wapi, hata kama jibu ni kwamba hakuna jipya. Wanaosubiri zaidi ya mwaka waorodheshwe, na mlieleze bunge idadi yao.

(e) Wakimbizi wenyewe wafundishwe kuendesha vikao vile vya watu wasio wataalamu, wasimamiwe na mwanasaikolojia, na walipwe. Tunayo majina ya watu kumi na wawili walio tayari, wakiwemo yule mwalimu na muuguzi ambaye sasa anafanya usafi.

(f) Anayeanza tiba ya kiwewe abaki na mtu mmoja hadi imalizike, na taarifa ya daktari kuhusu kumbukumbu zake isomwe na afisa wa hifadhi kabla hajaandika kwamba haaminiki.

(g) Maombi ya kuunganisha familia ya watu walio katika matibabu ya akili yatangulizwe. Wanaotafuta ndugu waliopotea waelekezwe, tangu wiki ya kwanza, kwenye huduma ya kutafuta watu ya Msalaba Mwekundu. Wengi wetu tuliisikia kwa bahati tu, baada ya miaka.

(h) Iwepo namba moja ya simu ya saa 24 kwa mtu anayefikiria kujitoa uhai, inayoweza kujibu kwa Kiswahili. Tulikuwa tumeiomba hii katika barua ya pili. Kama ingekuwapo, pengine mwenzetu angeipiga. Hatusemi tuna hakika. Tunasema hakuwa na pa kupiga.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likionyesha ni lipi mtalifanya, nani atalisimamia, na lini. Ambalo hamtalifanya, tuambieni wazi na sababu yake. Kwa miezi kumi na minne kilichotuchosha zaidi ni kutojua. Tunaomba pia kikao kimoja cha ofisi zote mbili zikiwa chumba kimoja, ili pasiwepo wa kusema suala ni la mwenzake. Kama hakutakuwa na jibu, barua hii tutaipeleka kwa wabunge na kwa tume ya haki za binadamu, pamoja na nakala za barua nne zilizotangulia.

Kikundi chetu hukutana kila Jumamosi mchana. Njooni bila kutangaza, mkae, msikilize. Ukalimani nitaufanya mimi. Yule baba wa dodoso amesema atakuwepo. Anaomba mje na karatasi mpya hata kama bado ni rasimu, na mmpe kalamu nyekundu.

Wenu katika kungoja,

Mkalimani wa kujitolea,
kwa niaba ya kikundi cha kusaidiana cha wakimbizi wanaosema Kiswahili